Sanduku la Barua

Kila mwaka katika shule zetu za Kenya huandikwa barua nyingi mno ambazo haziendi popote. Mwanafunzi huinama juu ya karatasi ya mtihani, huweka anwani yake upande wa kulia, S.L.P. na tarakimu alizozizua papo hapo, kisha humwita mjomba asiyekuwako au rafiki asiyepata kuzaliwa. Humjulia hali, humweleza jambo ambalo mtahini ameamuru lielezwe, humwaga, hutia jina lake, akafunika kalamu. Mtahini huisoma na kuipa alama, na huo ndio mwisho wa safari yake. Haina bahasha, haina stempu, wala haina mtu anayeingoja.

Siku moja niliwauliza vijana wa darasa langu, nao walikuwa arobaini na wawili, ni nani kati yao amepata kutia barua ya kweli katika sanduku la posta. Mikono mitatu iliinuka. Mmoja ukashuka upesi, maana mwenyewe alikumbuka kwamba barua ile ilikuwa ya kaka yake ya kuomba kazi, naye alikuwa ametumwa tu. Basi wakabaki wawili. Sikuwalaumu, wala siandiki insha hii kuwalaumu, kwa kuwa mtu halaumiwi kwa kutolitumia jembe ambalo halimo tena nyumbani. Lakini niliona kwamba tunawafundisha umbo la kitu pasipo kuwaambia kitu chenyewe kilikuwa nini, kama mtu anayefundishwa kutweka tanga naye hajaona bahari. Mimi nimeishi katika zama zote mbili, zama za barua na zama za simu ya mkononi; kwa hiyo naona ni juu yangu kueleza.

Barua katika nchi hizi ni kongwe kuliko posta. Watu wa pwani waliandikiana kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla Mzungu hajafungua dirisha la kuuza stempu. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 zingali zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa, katika nchi ya India, nazo zimo miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yaliyo makongwe kupita yote yanayojulikana. Walioziandika walikuwa na haja zao za siku zile. Hawakudhani hata kidogo kwamba miaka mia tatu baadaye wataalamu wangeziinamia kwa miwani, wakipima kila nukta. Barua za namna hiyo zilichukuliwa na manahodha, na mwendo wake uliamriwa na upepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hata Machi, barua ya Lamu ilishuka kwenda Mombasa na Unguja. Jibu lake mara nyingi lilingoja kusi. Mwenye haraka hakuwa na la kufanya ila kutazama mawingu.

Bara hapakuwa na majahazi. Huko barua za wamisionari na wafanyabiashara zilikwenda na misafara, au zilichukuliwa na matarishi wa miguu, na barua iliyotoka Mombasa kwenda Buganda ilikuwa jambo la miezi. Mwaka 1890 Kampuni ya Waingereza iliyotawala huku ilitoa stempu zake za kwanza, nazo zilikuwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa jina la Kampuni juu yake. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa Mombasa; ilifika Nairobi mwaka 1899, na ziwani Kisumu mwaka 1901. Waya wa simu ulifuatana na reli juu ya nguzo zake. Wanandi, ambao walipigana na wageni hao mpaka kiongozi wao Koitalel Samoei alipouawa mwaka 1905, waliukata waya huo wakafanya vikuku na mapambo. Waingereza waliuita wizi. Lakini tukumbuke kwamba waya uleule ndio ulioita askari.

Na neno lenyewe, simu, lina hadithi ya kupendeza. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Wazee wetu waliposema kwamba fulani amepiga simu, maana yao ilikuwa kwamba amepeleka maneno machache kwa waya, yakaandikwa na karani upande wa pili na kutiwa katika bahasha. Chombo cha kusemea kilipokuja kikaitwa simu ya mdomo, ili watu wasichanganye. Leo waya umeondoka, na mdomo nao umeanza kuondoka, kwa sababu vijana wanapenda kuandika kwa vidole kuliko kusema. Ila jina limebaki pale pale.

Lakini posta ilikuwa ya wenyewe, haikuwa yetu, mpaka tulipotengwa na jamaa zetu. Kodi ya nyumba ilidai fedha, na fedha haikuwako kijijini. Wanaume wakatoka kwenda kuitafuta katika mashamba ya walowezi, katika reli, bandarini na mijini. Tangu mwaka 1920 hivi kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuchukua kipande, akakitia katika kikasha cha bati na kukivaa shingoni. Chumba alichopewa mjini kilikuwa cha mtu mmoja, au cha wanaume kadha wa kadha waliolala kwa zamu. Mke na watoto walibaki nyumbani na shamba. Hivyo ndivyo nyumba moja ilivyogawanyika ikawa nyumba mbili, na kati ya nyumba hizo mbili hapakuwa na daraja ila karatasi. Vita vya pili vya dunia viliongeza umbali. Vijana wa King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, kisha Bukini, kisha Burma, na mama ambaye hakupata kuvuka mto wa pili kutoka kwao alipokea barua kutoka misitu ya Asia, nayo imekwisha kusomwa na wakaguzi wa jeshi.

Babu yangu hakwenda Burma. Alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini, mpakuzi wa shehena, na nyumbani kwetu ni katika milima ya Taita. Alikuwa amesoma miaka minne katika shule ya misheni, na miaka hiyo minne ilimtosha kuandika. Nyanya yangu hakusoma hata siku moja. Barua zake alizihifadhi katika mkebe wa biskuti ulioanza kushika kutu pembeni, na mkebe huo sasa ninao mimi. Ndani yake mna barua thelathini na moja. Ya kwanza ni ya mwaka 1944, na ya mwisho ni ya mwaka 1962.

Njia ya barua hizo ilikuwa hivi. Babu alinunua karatasi, bahasha na stempu, akaandika usiku kwa mwanga wa koroboi. Barua ilipanda gari moshi la Mombasa, ikashuka Voi, ikapanda mlima kwa lori, ikatiwa katika sanduku la posta la misheni. Sisi hatukuwa na sanduku letu. Hata leo katika Kenya barua haipelekwi mlangoni pa mtu. Huwekwa katika sanduku lenye namba, na zamani sanduku moja lilikuwa la watu mia mbili. Lilikuwa la kanisa, au la shule, au la duka la Mhindi, au la chifu. Jumapili, baada ya ibada, mwalimu alisimama chini ya mti na bahasha mkononi akaita majina. Wale walioitwa walikwenda mbele. Wale wasioitwa walitazama miguu yao. Nyanya alisema kwamba mtu aliweza kujua, kwa kuwatazama tu wanawake waliokuwa wakirudi nyumbani, ni nani aliyepata na ni nani aliyekosa.

Kisha ilikuwa haja kupata msomaji. Hapa ndipo watoto wa leo wanaponishangaa. Barua ya mume kwa mkewe ilisomwa na mtu mwingine, kwa sauti, na mbele ya watu. Aghalabu msomaji alikuwa mtoto wa shule, kwa kuwa mtoto alikuwa hana aibu na hakuelewa yote. Shangazi yangu aliianza kazi hiyo akiwa na umri wa miaka tisa. Barua iliandikwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha aliyofundishwa babu kuandika. Shangazi aliigeuza papo hapo ikawa Kitaita. Nyanya alijibu kwa Kitaita, na shangazi akakirudisha katika Kiswahili. Kwa hiyo watu hao wawili, waliozungumza lugha moja tangu kuzaliwa, waliandikiana katika lugha nyingine miaka kumi na minane, na kati yao palikuwa na mtoto mwenye penseli. Shangazi alinikiri alipokuwa mzee kwamba yako maneno aliyoyaruka. Nilipomwuliza ni yapi alicheka, akasema kwamba ni yale ambayo mtoto wa miaka tisa hawezi kumwambia mama yake.

Barua yenyewe ilikuwa na taratibu zake, nazo zilifuatwa kama taratibu za kuingia nyumba ya mtu. Kwanza ilikuwa salamu, na salamu haikuwa neno moja. Babu alimsalimu mkewe, akawasalimu wazazi wa pande zote mbili, akawasalimu ndugu kwa majina, akawasalimu majirani, na katika barua moja alimsalimu ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Kisha alisema kwamba yeye ni mzima na hofu yake ni kwao tu. Ndipo yakaja madhumuni: hawala ya posta ya shilingi kadhaa, na maagizo ya namna ya kuigawa, hii ya kodi, hii ya ada, hii ya mzee. Mwisho alirudia salamu. Nilipokuwa kijana niliziona salamu hizo kuwa maneno ya bure, nikaziruka ili nifike penye habari. Sasa nazisoma polepole, maana zimekuwa ndizo habari zenyewe: kwa kufuata majina najua ni mwaka gani nani alikuwa hai. Jina likikosekana katika barua moja, na katika ya pili, basi najua.

Iko barua moja ambayo naithamini kuliko nyingine. Tarehe yake ni mwanzo wa Februari mwaka 1947. Vitabu vya historia vinatuambia kwamba tarehe 13 Januari mwaka huo wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Kwamba mgomo huo ulidumu siku kumi na mbili. Kwamba watu kiasi cha elfu kumi na tano waliacha kazi, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani. Na kwamba walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chama cha wafanyakazi kikazaliwa, na kiongozi wake Chege Kibachia akakamatwa mwaka uohuo na kupelekwa mbali. Hayo yote ni kweli, na mwanafunzi anapaswa kuyajua. Lakini babu hakuandika neno mgomo hata mara moja. Aliandika kwamba mji ulinyamaza hata akasikia ndege. Aliandika kwamba alikwenda uwanjani kila asubuhi na hakufahamu maneno yote yaliyosemwa, ila aliona watu wa makabila ambayo hakujua kwamba yako. Aliomba radhi kwamba mwezi ule hakuna hawala. Chini kabisa, baada ya salamu za mwisho, aliongeza kwamba mkewe asiuze mbuzi mweusi kwa hali yoyote ile. Na mbuzi huyo, kwa habari nilizopata, aliuzwa.

Hakuna mwanahistoria ambaye angeweza kuniambia habari ya ndege wale. Sanduku la serikali huhifadhi taarifa za polisi, hesabu za siku zilizopotea na majina ya wakubwa. Mkebe wa nyanya ulihifadhi mtu mmoja katika elfu kumi na tano. Vitu hivyo viwili vinahitajiana.

Watu walijua nguvu ya barua, na wakubwa waliijua zaidi. Katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, barua za mahabusu katika kambi zilikaguliwa, na nyingine hazikufika. Kambi ya Manyani haikuwa mbali na Voi, kando ya reli ileile iliyopitisha barua za babu. J. M. Kariuki, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1963, alieleza jinsi mahabusu walivyoandika kwa siri na kuzitorosha barua za malalamiko nje ya kambi ili zifike kwa wakubwa huko London. Mtu aliyenyang'anywa ardhi, nguo na jina lake akapewa namba, alitafuta kwanza kipande cha karatasi. Na mwaka 1959, vijana themanini na mmoja waliposafiri pamoja kwa ndege kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, wazee waliobaki walianza kuijua ile karatasi nyepesi ya buluu iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Mwandishi alijaza kila upande, hata pembezoni, akizungusha mistari kama anayesuka kikapu, kwa sababu ilikatazwa kutia kitu kingine ndani.

Sasa nisije nikakupamba, msomaji, na kukuficha upande wa pili. Barua ilikuwa na ukatili wake. Simu ya maandishi, yaani telegramu, ilihesabiwa malipo kwa kila neno, na kwa hiyo maskini hakuipeleka ila kwa msiba. Tarishi alipoonekana njiani na bahasha yake, wanawake walianza kulia kabla haijafunguliwa. Mke asiyejua kusoma hakuwa na siri. Mume mwenye hila aliweza kunyamaza miaka mitatu, na mkewe asijue kama amekufa au ameoa. Posta haikupoteza barua nyingi, lakini njia kati ya posta na mkono wa mtu ilizipoteza nyingi sana.

Mimi mwenyewe nina kovu la jambo hilo. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipelekwa kufundisha mbali na kwetu, upande wa ziwa. Baba aliugua. Mama aliniandikia barua, maana kijijini hapakuwa na simu, akaituma kwa sanduku la shule nilikofundisha. Barua ilifika mjini kwa siku nne, nami niliona muhuri wa posta baadaye, kwa hiyo nina hakika. Lakini karani mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa amekwenda likizo na ufunguo mfukoni. Barua ikakaa katika kile kijumba chake kidogo cha chuma siku ishirini na mbili. Nilipoifungua ilisema kwamba baba ananiuliza, na kwamba nikiweza nije. Baba alikuwa amezikwa siku ya kumi na tatu. Barua hiyo nayo ninayo. Nimeitia katika mkebe wa nyanya, chini kabisa.

Kwa hiyo anayesema mbele yangu kwamba zamani kulikuwa kuzuri, namsikiliza kwa adabu na kunyamaza. Zama hizo zilipita haraka. Shirika la posta na simu la Afrika ya Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. La Kenya lililolifuata liligawanywa mwaka 1999, posta ikaenda huku na simu huko. Baada ya mwaka 2000 simu ya mkononi ikashuka kutoka mikono ya matajiri ikawa ya kila mtu, na mwezi wa Machi mwaka 2007 M-Pesa ilianza, hawala ya posta ikapoteza kazi yake. Leo mwanamke aliye shambani hupata fedha za mumewe kabla hajamaliza kupalilia tuta moja, na hakuna mtoto wala mwalimu anayejua ni kiasi gani. Nyanya yangu angeliona jambo hilo angesema ni uungwana mkubwa, na ningekubaliana naye. Lau simu hiyo ingalikuwako katika ujana wangu, ningalimkuta baba yu hai.

Hayo ni kweli. Na haya pia ni kweli. Mama yangu, tofauti na nyanya, alijua kusoma na kuandika. Nilipomnunulia simu alijifunza kuandika ujumbe, na kila Jumapili jioni alinipelekea maneno machache: mvua imenyesha, parachichi zimeanza kuanguka, fulani amejifungua, je, umekula? Alifanya hivyo miaka kumi na moja. Mimi nilijibu kwa neno moja au mawili. Sikuhifadhi chochote, kwa kuwa niliamini kwamba kilicho ndani ya simu kimehifadhiwa. Mwaka mmoja baada ya kufariki kwake, kijana mmoja aliichomoa simu hiyo mfukoni mwangu katika msukosuko wa kupanda matatu. Nilinunua nyingine kesho yake, namba ikarudi ileile, watu wakaendelea kunipata, na kwa kila mtu ilionekana kwamba hakuna kilichopotea. Maneno ya babu ya mwaka 1947, aliyokuwa amemwandikia mtu asiyeweza kuyasoma, yamo mezani kwangu ninapoandika hapa. Ya mama yangu ya juzi sina hata moja.

Wala si mimi peke yangu. Fikiri, wewe unayesoma, mtu atakayetaka mwaka 2100 kujua jinsi tulivyoishi katika nyumba zetu mwaka huu. Magazeti atayapata, na hotuba atazipata kwa wingi wa kuchosha. Lakini mzazi alimwambia nini mtoto aliyekwenda kutafuta kazi Qatar, na mtoto alimficha nini mzazi, atayapata wapi? Tumeandikiana zaidi ya kizazi chochote kilichotutangulia, na huenda tukaacha maandishi machache kuliko makuli wa Kilindini. Hata nchi tajiri zinaaga. Huko Denmark, ambako posta ilianza mwaka 1624, shirika la posta lilitangaza mwaka 2025 kwamba litaacha kabisa kupeleka barua mwisho wa mwaka huo. Nairobi, katika jengo la Posta Kuu, Huduma Centre ilifunguliwa mwaka 2013, na watu wanaopanga mstari humo huja kutafuta vitambulisho na vyeti. Wengi wao wanayapita masanduku bila kugeuza shingo.

Baada ya swali lile la darasani nilifanya jambo ambalo wenzangu waliliona kuwa la kitoto. Nilinunua bahasha arobaini na mbili na stempu arobaini na mbili. Nikawaambia vijana kwamba kila mmoja ataandika barua kwa mtu mzima wa jamaa yake aliye nyumbani, barua isiyosahihishwa na mtu, na kwamba mimi sitaisoma. Taabu ya kwanza ilikuwa anwani. Hakuna aliyeijua. Walipiga simu kwao kuuliza, na huko nyumbani wazee wakaulizana, na majibu yaliporudi nilicheka peke yangu: kanisa, shule ya msingi, ofisi ya chifu, duka la fulani. Masanduku yalikuwa yaleyale ya chini ya mti. Taabu ya pili ilikuwa kwamba kalamu zilisimama. Vijana ambao katika mtihani humjazia mjomba wa kubuni kurasa mbili walikaa dakika ishirini mbele ya jina la nyanya ya kweli na hawakujua la kusema. Msichana mmoja alitoka nje akarudi macho yamevimba, akaandika kurasa tatu, na bahasha yake ilikataa kufunga.

Tulikwenda posta kwa miguu. Kila mmoja alitia barua yake kwa mkono wake, na wengine walichungulia katika tundu kutazama ilikoangukia.

Kwa wiki mbili hapakuwa na kitu. Kisha mvulana mmoja, mtu wa Kitui, alinijia na kuniambia kwamba nyanya yake amepata barua na mambo yameharibika. Mjomba wake, alipoipokea kanisani, alikuwa ameipiga picha kwa simu yake ili amsomee mama yake upesi jioni hiyo kutoka mjini. Nyanya alikataa. Alisema kwamba hataki kuambiwa barua yake inasema nini. Anataka asomewe, nayo iwe mkononi mwake wakati inaposomwa. Basi ilimbidi mjomba apande basi Jumamosi. Jibu lilikuja wiki ya tano, limeandikwa kwa penseli na mtoto ambaye herufi zake zilikuwa bado zinapanda mlima, na lilianza kwa salamu za watu tisa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao.